Amana ya nyumba hupotea siku unayoingia

Nilipohama nyumba yangu Kasarani, Nairobi, nilidai amana ya Sh18,000, nikarudishiwa Sh3,500. Zilizobaki, nikaambiwa, zimelipia rangi, kitasa na sinki iliyopasuka. Sinki hiyo niliikuta imepasuka! Ila sikuwa na cha kuonyesha, na keateka aliyenikabidhi funguo alikuwa ameshaacha kazi.

Hatua ya 1: Kabla ya kulipa
Uliza amana ni ya nini na nini. Nairobi mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja, kisha huongezwa amana ya maji na ya stima. Ada ya ajenti hairudi, usiihesabu. Lipa kwa benki au M-Pesa kwa jina lililo kwenye mkataba, wala si mkononi mwa keateka, na risiti iandikwe "amana". Ikiandikwa "malipo" tu, irudishe papo hapo.

Hatua ya 2: Kagua nyumba ikiwa tupu
Nenda mchana, usiku unyevu wa ukuta hauonekani. Fungua mifereji yote kwa pamoja, ngoja dakika tano, kisha chungulia chini ya sinki. Vuta maji ya choo. Zunguka na chaja ya simu ukijaribu kila soketi. Washa shawa ya maji moto. Fungua na ufunge kila dirisha. Tazama dari ya bafu: doa la manjano huenda ni choo cha jirani wa juu kinachovuja, na siku moja utaambiwa ni wewe. Nakili tarakimu za mita ya maji. Hesabu funguo.

Hatua ya 3: Andika, kisha tuma
Hapa ndipo wengi wetu huzembea. Usiandike "sinki mbovu". Andika "sinki ya jikoni, ufa wa urefu wa kidole, upande wa kushoto". Video ianzie kwenye nambari ya mlango, isikatwe katikati. Tuma vyote kwa landilodi kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, kwa sababu picha iliyolala kwenye simu huibwa pamoja na simu. Keateka akikataa kutia sahihi, usigombane naye. Tuma tu: "Haya nimeyakuta leo, kama kuna lisilo sawa nijulishe."

Hatua ya 4: Kuhama
Toa notisi kwa maandishi. Pitieni nyumba pamoja na keateka mkiwa na orodha ile ile uliyoandika ulipoingia. Rangi iliyofifia kwa miaka ni uchakavu wa kawaida. Matundu ya misumari ya televisheni ni yako, yazibe. Kuna wanaoamua kutolipa mwezi wa mwisho ili "wakalie" amana. Nawaelewa, lakini hapo wewe ndiye unayevunja mkataba.

Maswali ya wapangaji wenzangu

*Ndugu, mkataba wangu unasema kila anayehama hulipia rangi. Nitaponea wapi?*
Ukishatia sahihi, ni vigumu. Omba ulete fundi wako na rangi ile ile, na landilodi akubaliane nawe kwa maandishi kabla fundi hajaanza kazi. Mara nyingi hutoka nafuu kuliko bei ya landilodi.

*Mimi nina miaka miwili humu na sikupiga hata picha moja.*
Piga leo, dada. Kisha tafuta jumbe za zamani: siku uliyomwambia keateka mfereji unavuja, huo ni ushahidi wenye tarehe.

*Miezi mitatu tangu nihame, landilodi hapokei simu.*
Mwandikie barua ya kudai, taja kiasi na siku ya mwisho. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lile jopo la kodi za nyumba ambalo watu watakutajia hushughulikia nyumba ambazo kodi haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kwa Nairobi ya leo, hicho ni chumba cha mabati.

*Ajenti anataka nitie sahihi kwamba nyumba iko sawa, na mpangaji wa zamani bado yumo ndani.*
Usitie. Nyuma ya kabati lake ndiko kwenye ukungu. Ngoja ahame, uingie na chaja yako.