Kurujeti kwa pleko, usiku

Pleko, samaki wa tangini anayekwangua mwani kwenye kioo, hashibi kwa mwani huo tu. Kata kipande cha kurujeti (boga dogo jembamba la kijani), unene sentimita 1, kioshe, kichemshe dakika 2 bila chumvi, kipoe. Kipande huweza kuelea, naye hula chini, kwa hiyo kichomeke kwenye uma usioshika kutu kizame. Kiweke taa zikishazimwa, ndipo anapotoka mafichoni. Asubuhi toa mabaki: yakioza, amonia, sumu kwa samaki, hupanda.

Hapa Bukavu kuna jambo moja zaidi. Umeme ukikatika usiku, kitoe papo hapo. Chujio na pampu ya hewa vimesimama, na mboga inayooza inakula oksijeni ya samaki.

Akijishikiza kiooni, mtazame tumbo. Likibonyea ndani, ana njaa, ongeza kipande.