Kufunga Injini ya Fiat 126 Katika Fiat 500 ya Zamani

Fiat 500 ya mwaka 1957, gari lililosanifiwa na mhandisi Dante Giacosa, ilianza na injini ya silinda mbili ya cc 479 yenye nguvu za farasi 13. Hata toleo la F la mwaka 1965, lenye cc 499 na farasi 18, hufikia takriban kilomita 95 kwa saa tu, na mwendo huo hupungua sana kwenye mlima. Njia ninayoipendekeza kwa anayetaka kuliongezea gari hili nguvu bila kulikata bodi ni kulifungia injini ya Fiat 126, hasa ile ya cc 652 iliyoanza kutumika mwaka 1977 ikiwa na farasi 24. Injini hizi ni za ukoo mmoja: mwendo wa pistoni ni milimita 70 katika zote, na kilichoongezwa ni upana wa silinda, kutoka milimita 67.4 hadi 77. Fiat wenyewe walitangulia kufanya jambo la namna hii, kwa kuwa 500 R ya mwaka 1972 hadi 1975 ilitoka kiwandani na injini ya 126 ya cc 594, iliyopunguzwa nguvu hadi farasi 18.

Kazi ianze kwenye breki, wala si kwenye injini. Gari hili lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na mfumo wake wa maji ya breki ni mmoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Badilisha silinda kuu, silinda ndogo za kila gurudumu na mipira yote ya maji ya breki, kagua ngoma kama zimekuwa duaradufu, kisha pima gari likiwa bado na injini yake ya zamani ili ujue linasimama sawasawa bila kuvuta upande. Anayekusudia kwenda mwendo wa kasi mara kwa mara afunge breki za diski mbele; lakini ajue kwamba seti nyingi za diski hutumia bolti za mpangilio wa milimita 98 (kipenyo cha duara linalopita kwenye bolti), ilhali rimu za awali za 500 zina mpangilio wa milimita 190, kwa hiyo rimu nazo zitabadilika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu gari lina uzito wa takriban nusu tani, na wepesi huo humdanganya dereva aamini kwamba breki za zamani zinatosha.

Unapochagua injini, iache ile ya 126 Bis. Hiyo hupozwa kwa maji na imelazwa ubavu, hivyo haiingii mahali pake bila kujenga upya nusu ya sehemu ya nyuma. Injini zinazopozwa kwa hewa zilitengenezwa kwa wingi sana, zikiwemo zile za 126p za Poland, kwa hiyo usikubali kuchukua iliyochakaa. Pima mgandamizo wa silinda zote mbili na uhakikishe zinakaribiana, tazama kama silinda hedi ina nyufa, kisha fungua puli ya krenkishafti. Ndani ya puli hiyo kuna chujio la oili linalofanya kazi kwa mzunguko, na tope utakaloliona humo litakueleza jinsi injini ilivyotunzwa. Lisafishe kabisa kabla ya kufunga.

Ili kuitoa injini ya zamani, tenganisha betri, ambayo iko mbele karibu na tangi la mafuta, na uzibe bomba la petroli. Ondoa kifuniko cha nyuma, waya za dainamo, za koili na za taa ya oili, kebo za mafuta, za choki na za stata, pamoja na mipira ya hewa. Weka jeki yenye magurudumu chini ya injini, fungua bolti zinazoishika kwenye giaboksi, kisha fungua boriti ya nyuma ambayo injini huikalia kwa springi. Ivute nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti ya giaboksi itoke ndani ya klachi, ndipo uishushe. Uzito wa injini usiachwe uning'inie kwenye shafti hiyo hata kwa dakika moja, kwa kuwa sahani ya klachi hupinda na baadaye gia hukataa kuingia.

Kabla ya kuingiza injini mpya, linganisha flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenkishafti), klachi na stata za injini zote mbili. Pima kipenyo cha sahani na uhesabu meno, maana vitu hivi vitatu sharti viwe seti moja inayokubaliana na giaboksi utakayobaki nayo. Kabureta itumike ile ya Weber 28 ya 126, kwani Weber 26 ya 500 huibana injini kubwa.

Upoozaji ndio unaoziua injini hizi zinapohamishwa. Feni imefungwa kwenye shafti ya dainamo, na hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, kisha hupita kwenye mpira mpana hadi kwenye mabati yanayoizunguka injini. Jaribisha mabati ya 500 juu ya injini ya 126 na uzibe kila mwanya, kwa sababu hewa ya moto ikirudi kwenye feni, oili hupata joto kupita kiasi. Hakikisha pia kipande cha kudhibiti joto (thermostati) kinafungua mlango wake wa hewa. Joto la ndani ya gari hutoka katika hewa hiyo hiyo iliyopita kwenye silinda, hivyo gasketi za ekzosi na za silinda hedi ziwe mpya. Gasketi inayovuja hupeleka monoksidi ya kaboni moja kwa moja kwa abiria.

Giaboksi ya 500 inaweza kubaki, ingawa uwiano wake wa mwisho (meno ya gia mbili za mwisho zinazozungusha magurudumu) ni 8/41 na injini itazunguka sana barabarani. Ile ya 126 ni 8/39, na gia yake ya pili hadi ya nne huingia kwa ulaini, lakini shafti za magurudumu zitahitaji kurekebishwa.

Badilisha nyaraka za usajili na uiarifu bima kuhusu namba na ukubwa wa injini mpya kabla ya kutoka barabarani. Baada ya kilomita mia chache za mwendo wa taratibu, acha injini ipoe usiku mzima, kaza upya nati za silinda hedi kwa spana ya kipimo, rekebisha nafasi za valvu, na ubadilishe oili.