Unaenda Lake Mead? Soma hii kwanza

Wadau mlioko Las Vegas au mnaopita huko kutembea, Lake Mead ni kama nusu saa tu kwa gari, ni bwawa lililotokea baada ya Hoover Dam kuziba mto Colorado miaka ya 1930, maji ya bluu kabisa yamezungukwa na milima mikavu ambayo hata mti wa kukaa chini yake hamna. Pembeni kwenye majabali utaona mstari mpana mweupe, hapo ndo maji yalipokuwa yanafika kabla ukame haujayashusha.

Getini wanatoza kwa gari sio kwa kichwa, na tiketi ya gari inatumika siku 7, kwa hiyo jazaneni gari moja.

Nendeni kuanzia Oktoba mpaka Aprili kama mnataka kutembea kwa miguu. Njia rahisi ni ile ya mahandaki 5 ya treni, palipopita reli ya kubeba vifaa vya ujenzi wa dam, ni pana, haina mlima, hata watoto wanaiweza na ndani ya handaki kuna kivuli. Kiangazi joto linavuka 40 kirahisi sana, so wahini alfajiri na saa nne asubuhi muwe mshaanza kurudi. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani, tieni kwenye deli na barafu, na viatu viwe vya kufunga maana Boulder Beach ni mawe tupu na yanaungua kwelikweli, ndala zitakutesa.

Sasa kwenye kuogelea jamani naomba mnisikilize. Upepo pale unaanza ghafla, dakika hii maji yametulia dakika inayofuata mawimbi, na yale maboya ya kupuliza yanasukumwa mbali na ufukwe huku mtu kalala juu yake hana habari, akiruka kulifuata au kurudi anachoka katikati. Vaa laifu jaketi hata kama umekulia Tanga na unaogelea kama samaki, na bia subiri ukishatoka majini.

Wenye boti, maji yanapopungua baadhi ya sehemu za kushushia boti hufungwa, angalieni kwanza ipi iko wazi. Mkitoka ioshe, mwaga maji yote, iache ikauke kabisa, kuna kome wadogo wanaitwa quagga waligundulika humo 2007 na wanasafiri na boti kwenda kuharibu mabwawa mengine.