Kupima msitu wa mikoko Lamu: usiache visiki

Ukihesabu miti iliyosimama pekee, msitu utakudanganya. Mkataji huchagua boriti na nguzo zilizonyooka, akaacha zilizopinda. Ukipita na mashua unaona kijani tupu. Ploti basi, yaani kipande cha msitu unachopima, ihesabu vitu vitatu: miti, miche na visiki.

Ingia siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, saa mbili kabla maji hayajakauka kabisa. Beba kamba, utepe wa plastiki wa fundi cherehani, GPS, fito ya mita 1.3, rangi ya mafuta, na penseli, maana wino huyeyuka.

1. Toka ukingo wa mkondo ukielekea bara kwa mstari mmoja, ukiweka ploti ya mita 10 kwa 10 kila baada ya mita 50. Ukiziweka zote ukingoni, utapima aina mbili tu, mlilana na mkoko mrefu wenyewe, ukose aina za ndani, mkandaa na mchu. Hakikisha mraba: kona hadi kona ya mkabala iwe mita 14.14. Kona zitie mabomba ya plastiki, si vijiti.

2. Pima mzunguko wa kila mti mahali fito inapofika, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mkoko wenye mizizi mirefu kama miguu upimwe sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Papo hapo piga mstari wa rangi. Mwakani utepe ukikaa juu au chini kidogo tu, mti "utakonda", na hesabu nzima haina maana.

3. Visiki: andika aina na kipenyo, kisha paka rangi kila kimoja. Mwaka ujao, kisicho na rangi ndicho kipya. Hapa tazama vizuri: kisiki cha mchu huchipua tena, cha mkoko hufa. Visiki kumi vya mkoko si hasara sawa na kumi vya mchu.

4. Kwenye kona ya mita 5 kwa 5 hesabu miche: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Midogo ikijaa na mirefu ikikosekana, inaota na kufa; chunguza kivuli na mchanga uliofukia kabla ya kupanda chochote.

Kwa hekta, zidisha miti na visiki vya ploti moja kwa 100, miche ya kona yake kwa 400. Rudi mwezi uleule kila mwaka, na kabla hujatoka upake upya mistari iliyofifia.