Umekabidhiwa uhariri wa jarida la sheria ya familia, unaanzia wapi?

Mimi ni wakili hapa Dar, kazi zangu nyingi ni talaka, matunzo ya watoto na mirathi, na miaka michache nyuma nikaombwa nichukue uhariri wa jarida dogo la sheria ya familia. Makabidhiano yenyewe yalikuwa fleshi moja na maneno ya "kila la heri wakili". Basi. Haya nayoandika ndo ningependa mtu anishike mkono anioneshe siku ile.

Hatua ya 1: Chukua funguo zote kabla hujasoma makala hata moja

Dai hati ya makabidhiano, isainiwe pande zote mbili. Ndani iwepo: paswadi za imeili ya jarida, akaunti ya msimamizi kwenye mfumo (kama mnatumia OJS, programu ya kuendeshea majarida mtandaoni, hakikisha umepewa ngazi ya juu kabisa, siyo ya mhariri tu), domeini (anwani ya tovuti) imesajiliwa kwa imeili ya nani na inaisha lini, akaunti ya Crossref (wanaosajili viungo vya kudumu vya makala, yaani DOI), namba za ISSN zinazotambulisha jarida. La domeini usilichukulie poa, maana ikisajiliwa kwa imeili binafsi ya mhariri aliyeondoka, siku inakwisha muda taarifa inaenda kwake na wewe unaamka tovuti haipo. Na mkihamisha tovuti lazima mkabadilishe anwani za kila makala kule Crossref, la sivyo DOI zote za zamani zinampeleka msomaji kwenye ukurasa mtupu.

Hatua ya 2: Foleni ya waandishi

Hapa kaa wiki nzima kama inabidi. Fungua ekseli, andika kila muswada ulioingia (yaani makala ambayo haijachapishwa, siyo muswada wa Bunge): umeingia lini, uko kwa nani, mwandishi ameshajibiwa nini. Mimi nilikuta makala zimekaa zaidi ya mwaka hazijaguswa, na mmoja wa waandishi ni mhadhiri kijana ambaye maombi yake ya kupandishwa cheo yalikuwa yanasubiri jibu letu, yaani mtu maisha yake yamesimama kwa sababu imeili haikufunguliwa. Iliniuma sana. Nikawaandikia wote, mmoja mmoja, siyo ujumbe wa kunakili: samahani, makala yako iko hapa, nitakupa jibu tarehe fulani, na kama unataka kuipeleka kwingine sema tu tuiachie. Wengine waliondoa na wana haki. Usitangaze mwito wa makala mpya kabla foleni hii haijaisha.

Hatua ya 3: Usiguse jina la jarida

Kila mhariri mpya anatamani. Jina likibadilika kwa kiasi kikubwa mnatakiwa kuomba ISSN mpya, na makala za zamani zinabaki kama za jarida jingine. Acha.

Hatua ya 4: Wapitiaji

Hawa ni wataalamu wanaoisoma makala na kuipima kabla haijachapishwa. Duara letu ni dogo, mawakili wa familia tunajuana wote, kwa hiyo kuficha jina la mwandishi peke yake hakutoshi. Kabla hujamtumia mtu muswada muulize: umewahi kuwa wakili, hakimu au msuluhishi kwenye kesi yoyote inayojadiliwa humu? Akisema ndiyo, mshukuru utafute mwingine. Na makala inayohusu Zanzibar usimpe mtu anayejua Bara tu, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki Zanzibar, kule ndoa za Waislamu na talaka zao zinaenda mahakama ya kadhi.

Hatua ya 5: Fungua kila hukumu mwenyewe

Ingia TanzLII kwa hukumu za Tanzania, ingia Kenya Law kwa za Kenya, isome. Usiamini tanbihi. Mfano ninaokutana nao sana ni ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya Januari 2023, JOO dhidi ya MBO, kuhusu kugawana mali za ndoa, waandishi wanaandika "mahakama imekataa nusu kwa nusu". Ilichosema ni kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe tu kwa sababu mmeoana, kila mmoja athibitishe mchango wake, na kwenye kesi hiyohiyo kila mmoja alipata nusu. Sasa ukiacha sentensi ile ya kwanza ipite, kesho kuna wakili anaibeba mahakamani.

Vilevile kesi ya Rebeca Gyumi: Mahakama Kuu 2016 ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18, vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Mwandishi akisema "sheria ilibadilishwa 2019" mrudishie, hukumu ni kitu kimoja na marekebisho ya Bunge ni kingine. Muulize pia anatumia toleo gani la urekebu, yaani sheria ikiwa imechapishwa upya pamoja na marekebisho yake, la 2019 au 2023.

Hatua ya 6: Majina ya watu

Hii ndo iliyonifanya niandike. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anamjua Bi Hawa Mohamed, kesi ya 1983 iliyokubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali za ndoa, lakini ukifikiria vizuri ni mama wa watu, na ndoa yake inasomwa darasani kwa jina lake kamili zaidi ya miaka 40 sasa. Wenzetu Kenya kwenye ile kesi ya juu wameweka herufi tu.

Tulipokea makala nzuri kabisa ya utafiti kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, ambako kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinawataka wanandoa wapite kwanza kabla ya kudai talaka. Mwandishi alibadilisha majina yote, ila akaacha jina la kijiji, idadi ya watoto, na kwamba mke ni nesi pekee wa zahanati ya pale. Nikampigia simu. Akasema akitoa hayo takwimu zake zinapwaya, tukabishana karibu saa nzima, mwisho kijiji kikawa "wilaya moja ya kanda ya ziwa" na nesi akawa "mtumishi wa umma", na hoja yake haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, print makala, chukua kalamu, isome kama jirani wa yule mama. Zungushia kila kinachokufanya useme "aah, huyu namjua". Mrudishie mwandishi, subiri arekebishe, soma tena, ndo ubofye chapisha.