Somo: Hematoma kwenye faili, kutoka maandishi ya daktari hadi msimbo wa ICD-10

Leo tunashughulikia hematoma, yaani damu iliyovilia ndani ya mwili. Misimbo yote hapa ni ya ICD-10, orodha ya WHO ya kuainisha magonjwa na majeraha kwa misimbo, ile tunayotumia hospitalini kwetu Tanzania.

Daktari akiandika "hematoma" peke yake, faharasa itakupeleka T14.0: jeraha la juu juu, sehemu haikutajwa. Mgonjwa mwenye paja lililovimba na mwenye uvimbe kwenye paji la uso wote wataishia hapo, na takwimu za mwezi hazitakuambia kitu.

1. Tafuta sehemu. Paja ni S70.1, goti S80.0, ukuta wa tumbo S30.1, kope na eneo la jicho S00.1, ngozi ya kichwa S00.0. "Mguu" hautoshi. Upande, kulia au kushoto, msimbo huu hauubebi, lakini uandikwe pamoja na ukubwa kwa sentimita. Zamu ya usiku itajuaje kama uvimbe unaongezeka?

2. Tafuta chanzo. Hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama. Damu iliyovilia baada ya upasuaji ni T81.0, ila daktari awe ameandika kwamba ni madhara ya upasuaji huo. Wewe afisa kumbukumbu usijiunganishie mwenyewe kwa sababu tu mgonjwa alitoka chumba cha upasuaji jana. Mgonjwa wa warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) aliyevilia damu bila pigo lolote: dawa itajwe. Daktari akithibitisha kwamba ndiyo chanzo, kuna D68.3 (tatizo la kutokwa damu) pamoja na Y44.2 (madhara ya dawa hiyo).

3. Kichwa, kwa uangalifu wa pekee. Damu kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo, iliyotokana na jeraha, ni S06.4. Ikiwa chini ya utando huo (subdural) ni S06.5. Ikiwa chini ya utando lakini bila jeraha, unahama sura nzima hadi I62.0. Chukua mzee aliyeanguka bafuni wiki kadhaa nyuma, leo analetwa amechanganyikiwa na kipimo cha CT kinaonyesha damu. S06.5 au I62.0? Jibu liko kwenye maneno ya daktari, "kutokana na kuanguka". Kama hayapo, rudisha faili kwake. Fuvu likiwa limevunjika pia, damu ya ndani ndiyo hali kuu, na S02 inafuata.

4. Weka msimbo wa tukio. Dereva au abiria wa bodaboda: V20–V29. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na bodaboda: V02. Kuanguka: W00–W19. Kupigwa: X85–Y09, na huyu mara nyingi anakuja na PF3, fomu ya polisi, kwa hiyo maelezo yako yanaweza kusomwa mahakamani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nesi, wodi ya wazazi:* Mtoto kazaliwa na uvimbe wa damu kichwani, mama naye ana hematoma ukeni. Naandika wapi?

Mafaili mawili, dada. Uvimbe wa mtoto, kama daktari ameuita sefalohematoma (damu iliyovilia kati ya mfupa wa fuvu na utando wake wa nje), ni P12.0 kwenye faili la mtoto. Ya mama ni O71.7. Ingekuwa kwenye kidonda cha upasuaji wa kujifungua, ni O90.2.

*Mwanafunzi wa kumbukumbu za afya:* Ripoti ya CT inasema subdural, daktari kaandika "jeraha la kichwa". Nichukue ya CT?

Hapana. Mpelekee daktari faili na ripoti, aandike utambuzi wake na kusaini. Ukiona kosa la zamani, lichorwe mstari mmoja linasomeka, pembeni tarehe na saini. Wino mweupe marufuku.

*Mwanachama aliyeko Minnesota:* Huku nasomea ICD-10-CM, S80.1 inakataliwa na mfumo. Kwa nini?

Marekani wameirefusha, kaka. Muundi wa kulia, matibabu ya awali, ni S80.11XA. Kule upande unaingia ndani ya msimbo, na herufi ya saba inatofautisha matibabu ya awali, ufuatiliaji na athari za baadaye: A, D, S. Misimbo ya somo hili usiipeleke kwenye madai ya malipo ya huko ilivyo.

*Tabibu, kituo cha afya:* Nimefyonza damu kwa sindano. Inabadilisha msimbo wa ugonjwa?

Haibadilishi. Andika utaratibu kwenye sehemu yake: saa, kiasi cha mililita, rangi. Ukitoka usaha, hapo utambuzi wenyewe unahitaji kuangaliwa upya.