SOMO: Jinsi ya kuanzisha mzunguko wa taifa wa mashindano ya padel (sio bonanza la wikiendi moja)

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hili mara moja ili kila anayeniuliza nimtumie linki, maana inbox kila wiki ni swali lilelile, "tunataka ligi ya padel ya taifa tuanzie wapi", na wengi wanapouliza tayari wana mdhamini wa makombe, wana DJ, wana fulana, ila kalenda hawana. Hilo ni bonanza. Bonanza ni zuri, watu wanacheza wanakula nyama choma, Jumatatu limeisha. Mzunguko ni pale ukishinda Dar mwezi wa sita ushindi huo unakupanga vizuri Zanzibar mwezi wa nane, na mtu wa Arusha ambaye hajawahi kukuona anajua wewe ni wa ngapi nchini.

Kwa wageni: mchezo ulianzia Acapulco, Mexico, 1969 kwa Enrique Corcuera, ukafika Marbella, Hispania, 1974, shirikisho la dunia FIP likaundwa 1991. Kiwanja mita 20 kwa 10, vioo nyuma, mnacheza wawili wawili, pointi zinahesabiwa kama tenisi. Na kwa Afrika sio mbali, Misri walishaandaa Premier Padel, mzunguko mkubwa wa kulipwa wa dunia, pale Newgiza 2022.

HATUA YA 1. Hesabu viwanja vilivyopo na masaa ambayo wenye viwanja wako tayari kuwaachia. Sio wachezaji, viwanja.

HATUA YA 2. Usajili. Bara ni Baraza la Michezo la Taifa (BMT), Zanzibar wana baraza lao, BTMZ. Sajilini klabu kwanza, chama cha taifa kisimame juu ya klabu, sio watu watano wenye mhuri. Anzeni mapema, huku mnaendelea kucheza.

HATUA YA 3. Kalenda ya mwaka mzima, itoke kabla ya shindano la kwanza. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwenye viwanja visivyo na paa, kioo kikilowa mpira unateleza badala ya kurudi na hakuna mechi hapo. Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo usikopi kalenda ya mwaka jana. Juni hadi Septemba ndio dhahabu yako, na Sabasaba na Nanenane zinakupa siku za ziada. Mashindano sita kwa mwaka yanatosha kabisa.

HATUA YA 4. Madaraja: A, B na C. Usimwachie mtu ajipange mwenyewe, utajaza mamluki. Mtu kacheza tenisi au skwoshi miaka kumi, padel kaanza juzi, anajiandikisha C anawafagia watu wanaojifunza na hao hawarudi tena. Weka kamati ya watu watatu wa klabu tofauti, aliyetoka tenisi aanzie B, aliyefika fainali ya C shindano lijalo anapanda, hakuna mjadala.

HATUA YA 5. POINTI. Hapa naomba msome polepole.

Pointi ni za MCHEZAJI, sio za pea (wale wawili wanaocheza pamoja). Sisi mwanzoni tuliziandika kwa pea, "hawa wawili wana 160", ikaonekana safi. Pea namba moja, mmoja wao mkataba wa kazi ukaisha akaondoka nchini. Aliyebaki akaja na mwenzake mpya, jedwali letu halikuwatambua, wakaingia kwenye droo kama wageni wasio na pointi hata moja, na kura ikawapeleka kwa pea namba mbili raundi ya kwanza. Mechi iliyotakiwa iwe fainali ikachezwa saa mbili asubuhi, mashabiki hata hawajafika. Ikafuata kesi: pea nyingine wamegombana wameachana na kila mmoja anadai pointi zote. Na kwa mji kama Dar ambako wachezaji wengi wapo kwa mkataba, pea kuvunjika ni jambo la kila msimu.

Fanya kama wanavyofanya FIP. Kila mchezaji ana akaunti yake. Pea ikibeba kombe la pointi 100, kila mmoja anaandikiwa 100. Siku ya kujiandikisha unajumlisha za wawili, jumla hiyo ndio inawapanga kwenye droo. Mfano A ana 340 na B ana 120, jumla 460. C na D wana 250 kila mmoja, jumla 500. C na D wanapangwa juu, ingawa A ndiye mwenye pointi nyingi kuliko wote wanne. Watu watalalamika, waonyeshe hesabu.

Jedwali la kuanzia: bingwa 100, wa pili 60, nusu fainali 36, robo 20, aliyeishia makundi 10. Mkiwa na mashindano makubwa na madogo pangeni ngazi kabla ya msimu, FIP wenyewe wana Bronze, Silver, Gold na Platinum.

TAHADHARI, na hizi zote zina kesi nyuma yake:
- Msibadilishe jedwali katikati ya msimu hata mdhamini akitaka shindano lake liwe na pointi mara mbili. Mwambieni mwakani.
- Kwa droo ya mtoano mtupu, aliyevuka raundi ya kwanza bila kucheza kisha akafungwa mechi yake ya kwanza anapata pointi za raundi ya kwanza. Hajashinda mtu.
- Hesabuni matokeo bora manne kati ya sita. Mtu wa Mwanza akikosa nauli mara mbili asifutike kwenye msimamo.
- Pointi zinaisha baada ya wiki 52, la sivyo bingwa wa zamani atakaa juu milele akiwa nyumbani.
- Mchanganyiko wa mwanamke na mwanaume una jedwali lake peke yake.

HATUA YA 6. Droo na ratiba. Piga hesabu kabla hujatangaza. Pea 12, makundi manne ya pea tatu, ni mechi 12. Wawili wa juu kila kundi wanaenda robo fainali, hapo mechi 7 zaidi, jumla 19. Mechi moja weka dakika 75. Una viwanja viwili? Ni zamu 10, yaani masaa 12 na nusu bila kupumua. Kwa hiyo ni siku mbili, usidanganye watu kuwa mtamaliza Jumamosi.

HATUA YA 7. Sheria za siku zitumwe kwenye grupu siku tatu kabla. 40-40 mnacheza pointi ya dhahabu au advantage (mpaka mmoja aongoze kwa pointi mbili)? (Mimi dhahabu, pointi moja inaamua gemu, wanaopokea wanachagua upande, na ratiba inapona.) Kutoka mlangoni kufuata mpira nje kunaruhusiwa? Kama pembeni kuna viti au nguzo jibu ni hapana. Kuchelewa dakika 15, ushindi wa mezani.

HATUA YA 8. Msimamo mpya utoke usiku uleule. Ukikaa wiki watu wanaanza kusema fulani kabebwa.

MASWALI YA WADAU

Kiongozi wa Mbezi: Mkuu somo zuri, sasa pointi mnawapa pea au mchezaji mmoja mmoja?

Jibu: Hatua ya 5, ndugu. Nimeiandika kwa herufi kubwa. Rudi juu.

Mdau wa Arusha: Shikamoo kaka. Sisi huku mpira unaruka sana, smashi ndogo tu imetoka nje, tukija Dar tunaona mpira mzito kama umelowa. Wachezaji wetu wanafungwa mapema sio kwa uwezo. Mzunguko unaweza kulirekebisha hili?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Sio mawazo yenu, Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Sheria za padel zenyewe zinalijua: mpira wa kawaida ukiachiwa kutoka mita 2.54 unatakiwa udunde kati ya sentimita 135 na 145, ila mahali palipo juu ya mita 500 mnaruhusiwa kutumia mpira unaodunda kidogo, zaidi ya 121.92 na chini ya 135. Kwa hiyo mashindano ya Arusha, Dodoma, Mwanza yatumie mpira wa nyanda za juu, tangazeni aina ya mpira kwenye kalenda kabisa. Pili, kila pea ya mgeni ipewe kiwanja saa moja siku moja kabla. Tatu kopo jipya kila mechi, mpira uliofunguliwa wiki iliyopita presha imeshaondoka. Ukitaka kupima, chora mstari ukutani kwa futi kamba, achia mpira, mwenzako arekodi kwa simu. Na badala ya kutegemea smashi, huko kwenu fundisha watoto lob (mpira wa juu unaowapita wapinzani) na voli ya chini, watakuja kuwasumbua watu pwani.

Mpita njia: Mchezo wa matajiri wa Masaki huu, taifa gani mnalozungumzia?

Jibu: Sikubaliani na wewe na nitakwambia kwa nini. Nenda kiwanja chochote saa nne asubuhi hadi saa tisa, kiko tupu. Masaa hayo ndio ya kuwapa watoto wa shule za jirani, mwenye kiwanja hapotezi kitu. Halafu waangalie vijana wanaofagia kiwanja na kuwarushia wateja mipira, wengi wana mikono mizuri kuliko wanaolipia. Kwenye mzunguko wangu wafanyakazi wa viwanja hawalipi ada ya ushiriki, na raketi za kuazima zipo. Kama una njia nyingine ya kuwaingiza iandike hapa, nitaiongeza kwenye somo.

Dada wa Tanga: Kaka upande wa wanawake tukijitahidi sana tunapata pea tano. Waandaaji kila mara wanatuambia tuungane na mchanganyiko. Tufanyeje?

Jibu: Msikubali dada. Pea tano ni kundi moja, kila mmoja anacheza na kila mmoja, mechi 10, kila pea inacheza mara nne. Hiyo ni mechi nyingi kuliko anayetolewa kwenye mtoano wa wanaume. Pointi: mkiwa chini ya pea nane wekeni nusu ya jedwali, ila iwe imeandikwa tangu mwanzo wa msimu, na mkifika nane inapanda yenyewe. Kinachowakosesha idadi ni ratiba, wanawake wanapangiwa saa saba mchana au saa nne usiku. Daini asubuhi saa moja na nusu, leteni watoto, utaona idadi.

Mwekezaji Dodoma: Nina eneo, nataka kujenga viwanja sita nianze kuandaa taifa. Ushauri?

Jibu: Jenga viwili. Uswidi walijenga viwanja kwa wingi kipindi cha korona, kuanzia 2022 vingi vikaanza kufungwa na kampuni kufilisika, na wale wanaupenda mchezo kuliko sisi. Viwili vikijaa jioni siku tano za wiki ongeza.

Kijana wa Excel: naomba template

Jibu: Safu nne: jina, shindano, tarehe, pointi. Mstari mmoja kwa kila mchezaji kwa kila shindano. Jumlisha.

Fundi wa Unguja: Nje ya mada kidogo, huku baharini chumvi inakula nyavu za chuma na vioo vinakuwa na ukungu, mechi za usiku mpira hauonekani ukitoka kwenye kioo. Sisi tunasuuza kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kila asubuhi, ila mchanga wa kwenye zulia la nyasi bandia unahamia pembeni.

Jibu: Asante sana fundi. Wenzangu wa pwani msikilizeni huyu. Mchanga usisubiri mashindano, piga brashi pana kila wiki kutoka pembeni kurudi kati, maana ukijaa kwenye kona mpira unakufa pale na mchezaji anateleza. Vioo futa kwa kifutio cha raba cha vioo vya gari, sio tambara. Skrubu za nguzo zipo za chuma kisichoshika kutu? Tuma picha nikuangalizie.